Kanda Moja Kati ya Kitangari na Chiungutwa

Tangazo la maktaba lilibandikwa kwenye ukuta wa ofisi ya kata, Kitangari, chini ya tangazo la chanjo ya kuku, na mimi nilikuwa nimekwenda pale kwa ajili ya kuku. Lilisema maktaba ya umma ya Masasi imepata mashine ya kuhamishia picha za zamani na kanda za sauti kwenye kompyuta. Mwenye nazo azilete kabla hazijaharibika. Nililisoma mara mbili, nikarudi nyumbani, nikakaa nalo kichwani wiki tatu. Kuku nao sikuwachanja.

Wiki tatu si nyingi kwa mtu kama mimi. Masasi ni mbali, na mimi hata nikienda dukani huuaga mlango. Nilisoma sekondari ya bweni nikamaliza kidato cha nne, na katika miaka yote minne nilichojifunza kwa uhakika ni idadi ya siku zilizobaki kufunga shule. Tangu niliporudi na sanduku langu la bati sijahama nyumba ya baba. Hata suala la kuoa lilikwama hapo hapo. Kwa desturi ya upande wa mama, mwanaume huhamia kwa mkewe. Nilitafutiwa binti wa kijiji cha pili, mtu mzuri, mcheshi. Nikaupima ule mwendo kwa baiskeli, nikaona ni mbali. Aliolewa na mwanaume mwenye miguu inayofanya kazi, na sasa wana wajukuu.

Lakini kanda nilikuwa nayo. Ilikuwa moja tu, ndani ya kopo la maziwa ya unga, imefungwa kwenye kipande cha khanga, na sikuwahi kuisikiliza tangu mama afariki. Watu nawaambia kwamba redio iliharibika, na kweli iliharibika. Ila sababu yenyewe ni kwamba nilijua kilichomo. Nilikuwemo mimi. Nilikuwa nimejirekodi juu ya mama.

Baba alipofariki, kaka zake mama walikuja kutoka Chiungutwa kumchukua dada yao. Kwao mwanamke ni wa kaka zake mpaka mwisho, mume ameazimwa tu. Walitaka kunibeba na mimi pia, maana kwa hesabu za upande ule mtoto ni wa mjomba kuliko wa baba. Nikawajibu kwa adabu kwamba nitafuata baada ya korosho. Mama akapanda gari na mabunda yake, akaniangalia, akasema haya. Korosho zikaisha. Zikaja za mwaka uliofuata, nazo zikaisha.

Ndiyo ilikuwa miaka ile ya ruksa. Wanunuzi binafsi walianza kupanda mlimani na malori, kila mmoja na mizani yake na fedha taslimu, na nyuma yao vikafuata vitu ambavyo tulikuwa tukivisikia tu: sabuni zenye harufu ya matunda, mitumba ya kila rangi, redio kaseti za spika mbili. Nilinunua moja. Mjomba wangu wa Chiungutwa naye akanunua ya aina ile ile, kama vile tumeagizana. Na redio yangu ilikuja na kanda moja ya muziki wa dansi.

Mama hakujua kusoma. Barua yangu ikimfikia lazima isomwe na mwalimu, na jambo likishapita kwa mwalimu limepita kwa shule nzima. Kanda haikuhitaji mwalimu. Nilitafuna karatasi nikaziba vile vitundu viwili vya juu, maana bila hivyo kanda ya dukani haikubali kurekodi, nikabonyeza, nikaongea. Nikampa dereva wa lori la korosho, mtu wa Chiungutwa, naye akaifikisha kwa mjomba. Baada ya wiki mbili hivi ikarudi, na mama yumo ndani.

Mtu wa leo ataniuliza kwa nini hatukununua kanda ya pili. Haikutujia. Kanda ile tuliifanya kama sahani ya jirani: haikai kwako, na hairudi tupu. Mama akishanisikiliza, anaongea juu ya maneno yangu, anaituma. Mimi nikishamsikiliza, naongea juu ya maneno yake. Tuliendelea hivyo kwa misimu kadhaa, kila mmoja akimfuta mwenzake kwa heshima zote, na hakuna aliyeona ajabu. Chakula umeshakula, unaulizia nini kilichokuwa ndani ya sahani?

Mama alipoongea na kanda alikuwa akiachia nafasi ya majibu. Anasema, hujambo mwanangu, kisha ananyamaza kadiri ya mtu kujibu sijambo. Anauliza, maji mnapata? Ananyamaza. Anasema, aa, poleni. Na mimi huku, kwenye kiti changu, nilikuwa nikijibu kwa sauti. Shikamoo yangu aliipokea vivyo hivyo kule kwake, mjomba aliwahi kunisimulia: anaitikia marahaba na kuinamisha kichwa mbele ya redio. Kubonyeza hakuthubutu. Mjomba ndiye aliyembonyezea, kisha anakwenda zake kanisani kwenye mazoezi ya kwaya, na akirudi ndiyo anazima. Mama aliamini kwamba ukishaaga, mashine nayo imeaga.

Kanda ya mwisho ilikuja msimu umechanganya, korosho zinadondoka usiku na mchana. Betri zangu zilikuwa zimechoka. Nilikuwa nimezianika juani siku mbili kuzipa uhai kidogo, kwa hiyo sauti ya mama ilitoka nzito, ya kujivuta, kama mzee wa besi kwenye kwaya. Alisema kifua kinambana kidogo. Alisema nikipata nafasi nifike, nisipopata si neno. Akanihimiza kuhusu kuku mmoja. Alipofika kwenye maneno yake ya siku zote, basi mwanangu, mimi nimefika hapo, nikazima haraka kuokoa betri.

Kesho yake nikajibu. Niliongea muda mrefu, naukumbuka ule urefu kwa sababu kivuli cha nguzo kilihama kutoka kwenye mguu wa kiti mpaka ukutani. Nikaeleza kwamba korosho zisipookotwa kila siku zitaokotwa na wenye nia. Nikaahidi baada ya korosho. Lori likaja, nikamwambia dereva aiache mpaka safari ijayo, nataka kuongezea salamu za mama mkubwa, dada yake mama, niliyekuwa nimemsahau. Safari iliyofuata alinikuta shamba. Safari ya tatu hakupiga honi. Alisimamisha lori mbali, akaja kwa miguu mpaka barazani, akavua kofia.

"Kaka, panda twende," alisema. Siku hiyo nilikwenda Chiungutwa.

Kanda ilibaki mezani na salamu zake pungufu. Picha ya mama nilikuwa nayo, tena mbili. Sauti yake sikuwa nayo popote isipokuwa, labda, chini ya yangu. Na miaka ilivyozidi, nikaanza kuipoteza kichwani pia. Nilikumbuka alichosema, sikumkumbuka akikisema. Alinijia na ile sauti ya besi ya betri mbovu, ya mwanaume nisiyemjua. Nilitaka kujua jambo moja tu: amebaki hata kidogo, au nimemmaliza. Kwa miaka hiyo yote niliona afadhali nisijue. Lile tangazo chini ya tangazo la kuku ndilo lililoniondolea kisingizio.

Basi nikashuka Masasi, kanda kwenye mfuko wa shati, mkono juu yake kama mtu anayeimba wimbo wa taifa.

Mkutubi alikuwa mwanamke wa makamo, miwani imeshuka puani, Mmakua wa Mkomaindo, mtani wetu sisi Wamakonde, nilijua kwa sababu alinitania kabla sijakaa vizuri. Aliniamkia, nikaitikia, akauliza nimetoka wapi. Niliposema Kitangari akaniambia karibu sana, bomba liko pale nje, ukilifungua usishtuke, yale ndiyo maji. Nikamjibu kwamba sisi wa mlimani hatuogi sana kwa kuwa hatuchafuki, hatuzururi ovyo kama Wamakua. Akasema haya, leo umezurura, tukuone.

Tukaanza na picha, maana picha ni rahisi. Alizilaza kwenye kioo cha mashine, taa ikapita chini yake, zikatokea kwenye kompyuta kubwa kuliko nilivyowahi kuziona. Ya kwanza ilipigwa studio ya Masasi, nyuma kuna pazia lililochorwa ndege ya abiria: baba, mama, mama mkubwa, wajomba wawili. Akaniuliza niko wapi. Nikamwambia nilibaki nyumbani kuangalia kuku. Ya pili ilipigwa harusini kwa watu. Akauliza tena. Kuku wale wale, nikasema. Akaniangalia juu ya miwani, akaandika kitu, sikuuliza nini.

Kisha akanipa fomu ya kanda, ina mstari wa yaliyomo. Niliandika "sauti yangu". Nikaikata. Nikaandika "mama, kama yumo".

Alisoma, akaweka kalamu chini, utani ukamtoka. Nikamsimulia habari ya sahani. Akanielewesha kwamba kama maneno yangu yalikuwa mafupi kuliko ya mama, mkia wa mama utakuwa umebaki mwishoni, ambako sauti yangu haikufika. Kama yalikuwa marefu, ndiyo basi. Uliongea kwa muda gani? Nikamweleza habari ya kivuli cha nguzo. Akaifungua kanda kwa bisibisi ndogo kama ya fundi saa. Kile kisponji kinachoukandamiza utepe kilikuwa kimebanduka, na ukungu ulishaanza pembeni. Akasema atauhamishia utepe kwenye ganda jingine, auache upate hewa, nirudi kesho asubuhi.

Kesho maana yake kulala gesti. Sitaisimulia gesti. Nitasema tu kwamba kitanda nilikisogeza mlangoni, na asubuhi mhudumu aliniuliza kama mlimani tunalala hivyo wote.

Asubuhi nilimkuta mkutubi ameshapanga kila kitu. Akanivisha vile vya kusikilizia masikioni, na yeye akavaa vyake, akabonyeza. Kwenye kompyuta ikaanza kutembea mistari ya vilima vilima, na masikioni mwangu akaanza kuongea kifaranga. Aliongea mbio, kwa sauti nyembamba ya juu, bila kupumua, shikamoomamahabarizahuko. Mkutubi alivumilia kidogo, kisha akavua miwani akainamia meza, mabega yanamtikisika. Nikamuuliza ni nani huyo. Akaninyooshea kidole.

Nilikuwa mimi kweli. Nikajisikiliza. Kifaranga kikaeleza habari ya wezi wa korosho. Kikaeleza habari ya baiskeli kukosa mpira, habari ya mvua, habari ya jirani asiyeaminika kuachiwa nyumba, na nyumba yenyewe haikuwa na cha kuibiwa ila redio kinayoongelea. Nilihesabu visingizio tisa kabla hakijauliza kifua cha mama. Kilikiuliza kwa maneno matatu, kikapita. Mkutubi alikuwa ameacha kucheka. Nadhani naye alikuwa akihesabu.

Kikaahidi baada ya korosho, kikaaga, pakasikika mshindo wa kitufe. Nilitazama chini. Na pale pale, katikati ya neno, bila shikamoo wala utangulizi, akaingia mama.

"...yule mweupe usimchinje, anataga. Usidanganywe na mtu. Basi mwanangu, mimi nimefika hapo."

Haikuwa besi. Ilikuwa sauti ya mwanamke mwembamba, kavu kidogo, inayopanda mwishoni kana kwamba kila anachosema amekiona kwa mbali na anakuonyesha. Niliitambua kwa mwili kabla ya kichwa, mgongo ulininyooka kwenye kiti kama nimeitwa. Mkutubi alininong'oneza maelezo ambayo niliyapata vizuri baadaye tu: kwamba betri zangu zilipokuwa zinajivuta, kanda nayo ilijivuta, kwa hiyo maneno yangu mengi yakakaa kwenye utepe mfupi. Kwa betri nzima ningemfuta mama kabisa. Nimeokolewa na ubahili.

Nikainua mikono kuvivua vile vya masikioni. Kwa mazoea. Mama ameaga, unazima. Mkutubi akanishika mkono, akaniashiria kompyuta. Vilima vilikuwa bado vinakuja.

Kiti kikaburutwa. Sufuria ikafunikwa. Kisha sauti ya mama mkubwa, dada yake, kwa mbali kidogo:

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Na kifua umemwambia?"

"Nimemwambia kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Kidogo cha kutomtoa nyumbani."

Mama mkubwa akasonya. Akasema mtoto akiambiwa ukweli anakuja, hata awe huyo. Mama akasema angekuja, ndiyo, angekaa hapo mlangoni kama kuku mgeni, anaangalia njia aliyojia. Namjua, alisema, mwache na korosho zake. Mtu akawa anapepeta kitu, ungo unasikika. Halafu mama mkubwa, kwa sauti yangu mimi, na alinipatia hasa, ile ya kuvuta vuta maneno, akasema:

"Nakuja mama, baada ya korosho."

Wakacheka. Mama alianza polepole kama anakataa, kisha akashindwa, akacheka mpaka kicheko kikageuka kukohoa, na kikohozi hakikuwa kidogo. Ungo ukasimama. Alipopata pumzi akasema, taratibu, kwa mtu aliye karibu:

"Lakini siku akija, apewe chumba cha nyuma peke yake. Msimlaze na watu. Hawezi."

Utepe ukaisha.

Nilipokwenda kuzika, wanaume wote walilala uani kwenye mikeka, kama inavyokuwa msibani. Mimi mama mkubwa alinishika mkono bila neno, akaniingiza chumba cha nyuma, kitanda kimetandikwa, akanifungia mlango. Nililala humo siku tatu nikisikia wenzangu nje wanaongea, wanataniana, wanapeana tumbaku. Nilijua nimetengwa. Nilijua wanasema huyu ndiye yule aliyesubiriwa. Siku ya nne nikaondoka, na kwa wajomba zangu sikukanyaga tena. Salamu zao nilizijibu kwa ufupi mpaka zikakoma zenyewe. Mjomba alifariki nikapata habari zimeshachelewa. Mama mkubwa naye vivyo hivyo. Yule aliyekuwa anajua kwa nini nilipewa kile chumba hakuniambia, alidhani nimejua.

Mkutubi akaniachia nafasi. Akatoka, akarudi na chai, akaiweka mbali na mashine.

Fomu ilikuwa na mstari wa mwisho: je, unaruhusu wasomaji wengine wasikilize? Nikamwambia naruhusu, ila aniondoe mimi. Akikate kile kifaranga chote, abaki mama na dada yake. Nilimwomba kwa upole, nikamwambia hakuna mtu wa Masasi mwenye shida na visingizio vya Mmakonde. Akafikiri. Mkono ulikuwa tayari kwenye kompyuta, angeweza kunifuta kwa kidole kimoja.

"Nikikutoa wewe, baba," alisema, "hawa kina mama watakuwa wanamcheka nani?"

Nikakaa kimya kadiri ya mtu kujibu. Kisha nikasaini tubaki wote watatu. Penye idadi ya wahusika walio hai nikaandika mmoja.

Aliniwekea kwenye simu, akanionyesha pa kubonyeza, akanisindikiza mpaka mlangoni akinisihi nisichafuke njiani. Stendi kulikuwa na vijana wa bodaboda wanaita abiria wa Chiungutwa. Nilisimama mbele ya mmoja wao. Akaniuliza nashukia kwa nani. Nikafikiri jina la kumpa, la mtu aliye hai, nikakosa. Nikapanda gari la mlimani.

Siku hizi huisikiliza mchana nikimenya muhogo, simu nimeiweka kwenye bakuli tupu ili sauti ikue. Sehemu yangu nairuka, naanzia kwenye kuku mweupe. Juzi kile kicheko kilivuka ua, na mama jirani, ambaye amehamia hapa mwaka huu na hanijui vizuri, akasimama upande wake akauliza kwa adabu kama nina wageni. Nikasema ndiyo, ndugu zangu, wa upande wa mama, wa Chiungutwa. Akasema wanapendeza kusikia. Akauliza watakaa siku ngapi.

Nikamwambia hawakai, ila wanarudi rudi.